Shajara ya "Tutafika", mashua iliyopanda pwani kwa wiki mbili

Kila nikipita barazani naulizwa swali moja tu, "ile mashua lini?", mpaka nimeamua niandike kila kitu tokea siku ya kwanza maana nikijibu kwa mdomo naishia kugombana na watu. Mashua yenyewe ya mbao, futi 24, tanga moja, na mashine ya farasi 15 kwa siku za shwari. Imeundwa hapahapa Nungwi, kaskazini ya Unguja, zaidi ya miaka 20 nyuma, marehemu baba aliinunua mkono wa pili na jina tulilikuta limeshaandikwa ubavuni, Tutafika. Mie sikulitunga kwaiyo msinicheke.

Mpango ulikuwa ipande mwezi wa 3, ikalafatiwe (maungio ya mbao yazibwe kwa pamba), ipigwe rangi, ishuke. Wiki 2. Nimeandika hivo kwenye daftari na nkapigia mstari kabisa, lile daftari ninalo mpaka leo na bibie akitaka kunicheka analifungua ukurasa uleule.

BAMVUA YA KWANZA, mwezi 15 yaani mwezi mpevu, kaskazi inaishia

Tumeipandisha kwa maji ya saa 10 jioni. Kwa mtu wa bara asiyejua, bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inajaa sana na inakupwa sana, kwetu huku tofauti inafika kama mita 4. Chombo unakisogeza kinaelea mpaka mwisho wa maji, maji yakitoka kinabaki mchangani, unakitia gadi huku na huku kisilale ubavu, basi. Ukitaka kukishusha unasubiri bamvua nyingine, siku 14 au 15 mbele, katikati hapo ni maji mafu na hata uite jeshi zima hakitoki. Kwaiyo fundi wa pwani akikwambia "bado kidogo" ujue hicho kidogo kinapimwa kwa bamvua, ukichelewa siku 3 umechelewa wiki 2.

Siku hiyo mie nina furaha balaa. Maji yalikuwa makubwa kwelikweli, tumepanda juu mpaka karibu na mizizi ya minazi, ami anasema "mbona juu hivyo mwanangu" namwambia ndo vizuri ami, tutafanya kazi pakavu. Kumbukeni hilo neno, tutalirudia.

Siku ya pili kukwangua. Mwani, chaza wadogo wadogo wanaokata vidole kama wembe, harufu ndo usiseme. Siku ya tatu tukawasha makuti makavu chini ya chombo, moto wa kupitisha tu sio wa kuunguza, unakausha mbao na kuua mdudu. Hapo fundi akachukua kisu chake cha kawaida cha kumenyea muhogo akawa anadunga dunga mbao moja moja huku anaongea habari za mpira. Ubao wa kwanza tik. Wa pili tik. Wa tatu kutoka mkuku (ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo kizima), kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Kimya. Akakizungusha akakitoa, kimetoka na unga mweupe.

Mdudu wa bahari huyu jamani ni mshenzi. Watu wanamwita mdudu lakini yeye ni wa ukoo wa chaza na kome, anaingia mdogo kama ncha ya sindano, nje ubao unauona mzima, rangi ipo, huku ndani ameshachimba mahandaki na kuyapaka chokaa ndani kama mtu anaejenga nyumba. Nilivunja kipande nkakitazama mkononi, matundu ya kuingia kidole kidogo, yamepangana hayagusani hata moja. Nikawa namuangalia tu, ana adabu ya kazi kuliko mafundi wangu wote.

"Ubao huu umeshaenda," fundi akasema. Nikauliza bei.

BAMVUA YA PILI

Hii ndo ilikuwa bamvua ya kushuka kwa mujibu wa daftari. Badala yake tumetoa ubao mmoja. Kumbe ulikuwa wa mwembe, kuna mtu zamani aliweka kiraka cha bei rahisi, na mwembe ndani ya maji ya chumvi hauna maisha. Zilizobaki ni mvule na zinasema "tik" vizuri tu.

Ila ubao ukishatoka unaona yaliyokuwa nyuma yake. Ndo kosa. Usitoe ubao wa chombo kama huna pesa ya kutoa na unaofuata, mie nilikuwa sijui. Nyuma kuna taruma 2 (zile mbavu za chombo) zimeoza pale zilipokaa juu ya mkuku, maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, yamezilalia miaka, na misumari imeliwa na kutu mpaka imebaki myembamba kama njiti ya kiberiti katikati, kichwa kikubwa, ncha kubwa, katikati hakuna kitu. Ukiugusa na koleo unakatika. Na kutu yenyewe inaunguza mbao pembeni yake inakuwa nyeusi na laini, kwaiyo hata ukipiga msumari mpya tundu lilelile haushiki.

Fundi kakaa juu ya gogo anavuta sigara anasema "sasa tumeanza kuiona mashua". Nikamuuliza wiki ile nyingine tulikuwa tunaona nini. Akacheka. Mie sikucheka.

BAMVUA YA TATU NA YA NNE

Masika. Hakuna la kuandika. Mvua imepiga, mbao hazikauki, kalafati haiwekwi kwenye ubao uliorowa, rangi ndo kabisa. Turubai limechanika na upepo nimenunua jingine. Fundi akapata kazi ya boti ya watalii anasema ya siku 3, nikamuona siku ya 19. Simlaumu sana maana wale wanalipa siku hiyohiyo na mie nalipa kwa awamu, lakini angenambia ukweli nisingekuwa nakwenda pwani kila asubuhi kama mtu anaesubiri meli.

Bibie kanambia bora ningeoa mke wa pili, yule angalau angekuwa anapika.

BAMVUA YA TANO

Taruma. Huwezi kuchukua ubao ulionyooka ukaukata upinde, utakatika kwenye mshipa. Unatafuta mti uliopinda wenyewe tokea shambani, fundi anauangalia unavyokwenda na anakwambia "huyu ni taruma la mbele, huyu la katikati". Mlilana ndo wenyewe kwa kazi hii lakini mikoko si kitu cha kwenda na shoka tu, inataka kibali, na mie sina hamu ya kesi juu ya mashua. Tukazunguka mashamba kutafuta tawi la mti lenye pembe ile, siku 2 juu ya pikipiki, fundi nyuma kabeba kiolezo cha waya alichokipinda kwa kufuata umbo la chombo. Kila mti anasema simama. Tunashuka, anaweka waya, anatikisa kichwa, tunapanda. Tulipata moja shamba la mzee mmoja ambae alikataa pesa akataka samaki. Nimemuahidi samaki wa mashua ambayo haijashuka, na kila tukikutana msikitini ananitazama tu.

La pili tulilipata kwa kuni. Sitanii, lilikuwa kwenye lundo la kuni nyuma ya nyumba ya ami, tumelipita wiki nzima.

Kazi ya tezo, kile kishoka cha kuchongea, kuitazama ni raha bana lazima niseme. Fundi hana ramani wala penseli, ana uzi uliopakwa mkaa na jicho. Anachonga anaweka, anatoa, anachonga pale palipogusa, anaweka tena, mara 10 mara 12, mpaka taruma linakaa kama limeota pale. Hapo nilisahau hasira zote kwa kama nusu saa.

Ubao mpya wa mvule umekuja kwa jahazi kutoka bara, bei siandiki kwasababu bibie anasoma. Tumeupasha moto wa makumbi huku tunaumwagia maji ukalegea, tukauvuta na kamba na kabari mpaka ukashika mwili wa chombo, kila robo saa kabari moja, ukiharakisha unasikia unalia ndani ndani. Misumari safari hii iliyopakwa zinki. Kila msumari unatobolewa kwanza, na keekee maana umeme wa drili ulikuwa umekatika, halafu shingoni unazungushiwa pamba yenye mafuta ndo unapigwa, maji yasipate njia.

BAMVUA YA SITA

Kalafati wiki nzima. Nilidhani kwakuwa tumebadilisha ubao mmoja basi tunaziba maungio ya ubao mmoja. Hapana. Chombo kimekaa juu karibu miezi 3, mbao zote zimekauka zimejikunja, maungio yote yamefunguka, mengine unapitisha sarafu. Yaani kutengeneza kwenyewe kumeharibu.

Basi tumetoa pamba ya zamani yote. Unasokota pamba mpya na mafuta, unaiingiza na patasi butu, tok tok tok, isilegee ikatoka, isikazwe sana ikasukuma ubao. Masikio ya fundi ndo yanafanya kazi, akiwa upande wa pili wa chombo ananambia "hapo rudia" na mie namuona hata hanitazami. Sauti ikiwa ya ndani imejaa, ikilia kama debe bado. Nilirudia mstari mmoja mara 3 mpaka dogo mmoja anaemsaidia akanionea huruma akanipokonya nyundo.

Juu ya pamba mafuta ya papa. Nguo zangu 2 zimetengwa na familia.

BAMVUA YA SABA

Wakati tunasubiri pakauke nkasema nijaribu mashine, ilikuwa imewekwa kwa ami toka Machi. Hii sasa naandika fupi maana bado inaniuma. Tumeitia ndani ya pipa la maji, inawaka vizuri, haitemi maji. Yaani pampu haivuti, ukiiacha dakika chache inajichemsha yenyewe. Impela. Ki-mpira cha kukaa kiganjani. Kazi ya saa moja kila mtu anasema, unafungua bolti kama 4 unashusha mguu wa mashine unabadilisha.

Bolti 3 zimefunguka. Ya nne chumvi imeigandisha na mie nikaongeza bomba kwenye spana nipate nguvu. Nilisikia kabisa inakatika, sio mkononi, tumboni. Kichwa kimebaki kwenye spana na mwili wake umo ndani ya aluminiamu.

Basi kwa ajili ya mpira mmoja nimempelekea fundi wa vyuma mjini, kaitoboa bolti, katengeneza uzi mpya, siku 6. Impela ya kwanza niliyonunua ilikuwa feki ikachanika majani siku hiyohiyo ya kujaribu, ya pili ndo ikatema maji. Na kabureta imeziba kwasababu tuliiacha na mafuta ndani, hilo kosa letu wenyewe, petroli iliyochanganywa oil ukiiacha miezi inabaki utomvu. Lita 20 mililita 400 za oil, changanya ya siku hiyo tu, usiweke akiba. Nimejua sasa.

Tanga tulilifungua siku hiyohiyo tukakuta panya wamezaa ndani. Fundi wa matanga anasema viraka 4. Poa. Mie hata sikuuliza bei.

Usiku wa siku hiyo nilikuwa nasoma habari za ile meli ya Ziwa Tanganyika, Liemba. Iliundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma ikaungwa huko, mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui lakini kabla ya hapo wakapaka mashine zake grisi vizuri, Waingereza wakaiopoa 1924 na 1927 ikaanza kazi upya. Zaidi ya miaka 100 na miaka ya karibuni imesimama tena inatengenezwa. Sasa nikawa nafikiria wale mafundi, chombo kinakwenda kuzamishwa na wao wanakipaka grisi. Mtu aliefanya hivyo alikuwa anajua kabisa kuna siku kuna mwenzake atakuja kufungua zile bolti. Mie wa kabla yangu hakunipakia hata tone.

BAMVUA YA NANE

Rangi imepigwa, nyekundu chini, juu nyeupe na mstari wa buluu, jina limeandikwa upya. Inapendeza wallahi. Watu wanapiga picha. Nimemwambia mama apike, kaja na mabeseni 2 ya pilau, wazee wamesoma dua, vijana 15 wapo, mwezi mwandamo, saa 10 jioni tumesimama tunasubiri maji.

Maji yakaja. Yakaja yakaja... yakasimama. Yamebakisha hatua kama 9 kufika kwenye mkuku, yakakaa pale dakika 20 yanachezacheza na povu, halafu yakaanza kurudi.

Ami kanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Ulipandisha na maji ya Machi, mwanangu."

Bamvua sio zote sawa! Za Machi na za Septemba ndo kubwa kuliko zote, za Juni na Julai ni ndogo, zinapungua kidogo tu lakini kwa pwani yetu ilivyo bapa hicho kidogo ni hatua nyingi. Kila mvuvi mwenye umri wa miaka 12 anajua. Mie nilikuwa najua pia, niliwahi kuambiwa, ila siku ile nafurahia "pakavu" haikunijia kichwani. Nikamuuliza ami mbona hukunambia siku ile. "Nilikwambia mbona juu hivyo. Ukanijibu ndo vizuri. Na wewe ulisema wiki 2, wiki 2 maji ya Machi yangekufuata."

Tumekula pilau pembeni ya mashua. Lilikuwa pilau zuri.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja anasema subiri Septemba, mwengine anasema chimba mfereji, mwengine anasema trekta (trekta kwenye mchanga uliorowa, sawa). Nilikaa nyumbani siku 2 sikwenda pwani kabisa, na siku ya tatu nilikwenda nikakuta jua limeshaanza kufungua ungio moja upande wa mashariki. Likanitoa machozi kidogo, au jasho, sijui. Nikachukua pamba na patasi nikaziba mwenyewe, tok tok, fundi alikuwa anapita akasikiliza akaendelea na safari yake. Hakusema rudia.

BAMVUA YA TISA, siku 3 nyuma

Imeangukia wiki ya Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya, nusu ya vijana wamekwenda Makunduchi. Kusi inavuma. Tumekopa magogo ya minazi kwa fundi mwengine, tumeyapanga chini ya mkuku, na waliobaki wote tumevuta, wavuvi waliorudi, wanafunzi wa skuli, mzee wa samaki naye kaja (anasimamia mali yake). Saa 7 mchana tumeanza, gogo moja nyuma linatoka linapelekwa mbele, kelele, mapumziko, kelele. Mashua ya tani kadhaa inatembea mchangani kama kobe. Bega langu la kulia hadi leo halinyanyuki. Saa 10 na robo maji yakagusa usukani, saa 10 na nusu mkuku ukanyanyuka, na ile hisia ya kamba kulegea mkononi ghafla kwasababu bahari imebeba uzito, basi.

Inaelea.

Inavuja pia. Hilo nilishaambiwa, chombo kilichokaa juu miezi 4 lazima kinywe kwanza mpaka mbao zivimbe zifunge. Usiku wa kwanza mie na dogo tumelala ndani tunafua maji kwa zamu, ndoo 40 na kitu kila saa. Usiku wa pili ndoo 15. Jana ndoo 6 na ule ubao mpya ni mkavu kabisa, nimeweka kiganja changu pale nyuma ya taruma la kuni, mkavu, nikakiacha hapo.

Leo asubuhi tumetia tanga tutoke kidogo tu tuijaribu, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikapiga kelele. Tumeishusha. Ina ufa wa urefu wa mkono pale inapofungwa kamba ya kuipandishia. Fundi kaitazama, kapitisha ukucha, kakaa kwenye gogo lake, katoa sigara.

Nimenunua daftari jipya, lile la kwanza limejaa.